Hodi ya Nunu Kwenye Tuta la Theluji

Ukitaka kumwona Mzanzibari ndani ya koti zito, njoo Riyadh mwezi wa Agosti. Nje jua linachoma mpaka paka wanatembea kwa ncha za vidole. Ndani ya jengo letu la maduka, ghorofa ya juu, kuna ukumbi mzima wa theluji wenye baridi ya kugandisha kope. Katikati ya theluji hiyo amesimama Nunu, mtandio umebanwa chini ya helmeti ya kijani, pua nyekundu kama nyanya, anamkaripia kijana wa watu aliyekaa chini kupiga picha:

"Wee! Hapo si sebuleni kwenu! Nyanyuka!"

Kijana hajui Kiswahili hata neno, lakini ananyanyuka. Sauti ya namna ile inaeleweka kote duniani.

Mimi kazi yangu ni kukodisha buti kaunta ya mbele, kwa hiyo nimemwona Nunu tangu siku yake ya kwanza. Alizaliwa Jeddah, mtaa wa Hindawiyah, kwenye nyumba aliyopanga babu yake alipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu, "Malindi, Unguja," kwa uhakika wa mtu aliyefika jana, na hajawahi kukanyaga hata uwanja wa ndege wa huko. Usimcheke. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi niliyezaliwa Nakuru. Kila nikifungua mdomo ananikata:

"Hillary, neno hilo umelikopa wapi? Lirudishe kwa mwenyewe."

Alikuwa akiuza nguo kwenye duka moja kule Rawdah, Jeddah, mtaa wa wenye nazo, ambako mteja anajaribu magauni yote halafu ananunua pini ya nywele. Duka likafungua tawi Riyadh, Nunu akahamishwa. Tawi lenyewe lilikuwa chini yetu, na siku moja ya mapumziko akapanda juu kuangalia baridi, kama watu wanavyokwenda kuangalia tembo. Akakodi ubao wa kutelezea. Nikamfunga buti, nikamwambia, "Dada, anzia pale pa watoto."

Akaanzia pale pa watoto! Mimi hilo ndilo lililonishangaza. Watu wazima hawaanzii pale, hasa wanaume. Mwanamume akishafunga ubao miguuni anajiona amezaliwa mlimani. Anapanda moja kwa moja mpaka juu kabisa, na baada ya muda namwona anarudi kaunta akichechemea, ananiambia buti zangu ni mbovu. Nunu alikaa na watoto wa shule ya chekechea, akaanguka nao, akacheka nao, akanyang'anyana nao zamu. Wiki ya pili akapanda kidogo. Wiki ya tatu akapanda tena. Kufikia Ramadhani alikuwa ameacha duka la nguo, ameomba kazi kwetu, amewekwa upande wa glavu. Kazi ya glavu ni kupokea glavu zilizolowa jasho la watu na kuzikausha. Aliipenda kwa sababu moja tu: asubuhi, kabla wateja hawajaingia, wafanyakazi tunaruhusiwa kuteleza.

Na kwenye mteremko wetu kuna uwanja wa michezo. Kuna sanduku pana la plastiki la kutelezea juu yake, kuna reli ya chuma ya wenye roho ngumu, na mwisho kuna tuta. Tuta la theluji si kama matuta ya barabarani ya kupunguza mwendo. Hili unalifuata kwa kasi, linakurusha hewani, unatua upande wa pili. Shida yake ni hiyo hiyo: ukiwa juu unakotoka, huoni upande wa pili kuna nini. Pengine hakuna kitu. Pengine kuna bwana mmoja anatafuta simu yake.

Nunu alipoliruka tuta hilo mara ya kwanza alitua kwa makalio, akateleza mpaka kwenye wavu, akabaki amelala chali akicheka peke yake. Nilikimbia nikidhani ameumia.

"Dada Nunu, uko sawa?"

"Hillary," akasema, "mimi niliruka. Umeniona? Niliruka miye!"

Basi hapo alikwisha. Mtu akishaonja kitu kama hicho, humtoi.

Sasa, aliyekuwa mlinzi wa tuta akamaliza mkataba wake akarudi kwao Ufilipino, na mambo yakaharibika. Kanuni ilikuwa kwamba anayetaka kuruka ainue mkono na kupaza sauti, "Nazil!" yaani nashuka. Watu waliifuata kwa namna yao, wakapaza sauti wakiwa tayari hewani. Bwana mmoja akaruka, akatua mgongoni mwa mwenzake aliyekuwa akijipiga picha. Hawakuumia zaidi ya michubuko, lakini walivyogombana, theluji ilikaribia kuyeyuka.

Meneja wetu, Madam Nada, ni mwanamke wa Riyadh asiyepoteza maneno. Akatuita wote.

"Tuta hili litapata mlinzi wa kuaminika," akasema, "au litasawazishwa, niweke meza za chokoleti ya moto. Nani anataka?"

Nunu akainua mkono kabla Madam Nada hajamaliza sentensi. Madam Nada akamtazama.

"Wa glavu?"

"Ndiyo, madam."

"Wiki moja ya majaribio. Nikiona mtu mmoja tu anatua juu ya mtu, yalla, wewe unarudi kwenye glavu na tuta linaondoka."

Pembeni alikuwepo Robinson, dereva wa mtambo wetu wa kusawazisha theluji, mtu wa Kakamega mwenye mdomo usio na breki. Akamnong'oneza Nunu, "Mama wa glavu, niwashe injini sasa ama ningoje kesho?"

"Washa kwenu," Nunu akamjibu.

Siku za mwanzo alilinda vizuri sana. Alisimama ubavuni mwa tuta, pale unapoona pande zote mbili, akawa kama askari wa barabarani wa Jeddah, isipokuwa yeye anafanya kazi. Asiye na helmeti alirudishwa kwangu. Aliyetaka kuanza na tuta kabla ya kujua sanduku alipelekwa kwenye sanduku. Aliyeanguka mahali pa kutua alifukuzwa pembeni kwanza, pole baadaye. Wateja wakalalamika kwamba mwanamke huyu ni mkali, na Madam Nada akafurahi. Alipenda sana malalamiko ya aina hiyo.

Halafu Nunu akafanya kosa la kuwapigia simu nyumbani kujisifu.

Mama yake, Bi Arwa, aliposikia binti yake amepewa kulinda kitu Riyadh, hakusubiri kuuliza ni kitu gani. Akapika. Akamwamsha kaka yake Nunu, Mubarak, ambaye kazi yake ni kuendesha magari ya mizigo na ambaye haogopi safari ya aina yoyote. Wakaingia garini Jeddah wakavuka jangwa lote, Bi Arwa amepakata hoti poti ya vitumbua, na mkate wa kumimina mzima umefungwa kwa kitambaa. Wakafika kaunta yangu mchana, watu wametapakaa ukumbini.

"Wewe ndiye Hillary?" Bi Arwa akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mwembamba? Mwanangu yuko wapi?"

Niliwapa makoti na buti. Nilimwambia Mubarak wapite pembeni, nyuma ya wavu. Akanijibu, "Mimi napita milima ya Taif na trela, wewe unanifundisha njia?" Wakakata katikati.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mtu wa taifa lingine asingeweza kulifanya hata akilipwa. Nunu anamwona mama yake anakuja, hajamwona tangu sikukuu. Mama amesimama chini kidogo ya tuta, mahali pa kutua kabisa, amefungua mikono. Unadhani Nunu atampungia mkono kwa mbali? Mzanzibari? Aliacha nafasi yake, akashuka mbio, akapiga goti kwenye theluji, akashika mkono wa mama yake akaubusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Hujambo kabisa?"

"Sijambo kabisa, mama."

"Afya yako?"

"Alhamdulillah."

"Kichwa kilichokuwa kikikuuma?"

"Kimepoa."

"Umekonda. Jirani yetu anakusalimu. Na mkewe. Na yule binti yao aliyejifungua, mtoto hajambo, ana meno sasa..."

Niliona kutoka kaunta, nikapiga kelele, lakini hizo salamu zilikuwa hazijafika hata nusu ya mtaa. Huko juu alikuwa Anas, mwanafunzi wa chuo kikuu, mteja wetu wa kila siku. Anas si mtu mbaya. Aliinua mkono, akapaza "Nazil!" kama kanuni inavyosema, akaja.

Alipotokea juu ya tuta akaona familia nzima ya Hindawiyah chini yake. Sijui alivyojikunja hewani, kwa kweli alistahili kupigiwa makofi. Alitua pembeni, akapita katikati ya Mubarak na hoti poti, akajikita kwenye wavu. Watu wote salama. Hoti poti ikapinduka, vitumbua vikatapakaa kwenye theluji kama mayai. Mkate wa kumimina ukasimama kwa ukingo wake, ukaanza kubingirika, ukashuka mteremko mzima peke yake, ukawapita watoto wa chekechea, na ukasimama mbele ya viatu vya Madam Nada.

Madam Nada akauangalia mkate. Akamwangalia Nunu, ambaye bado alikuwa amepiga goti.

"Hakuna aliyetua juu ya mtu," akasema polepole. "Basi una siku moja zaidi. Kesho Ijumaa, siku ya familia, nitakuwepo mwenyewe. Nikiona hivi tena, halas, imekwisha."

Robinson akapita na mtambo wake, akamega kipande cha ule mkate. "Mtamu," akasema. "Kesho leteni na chai, nikisawazisha nipate kitu cha kuteremshia."

Tukakaa chumba cha wafanyakazi. Nunu alichukua glavu za watu akaanza kuzikunja upya, kama aliyekwisha kurudi kwenye kazi yake ya zamani. Mubarak alikuwa akifuta theluji masikioni. Bi Arwa peke yake ndiye aliyekuwa na nguvu za kuongea, tena kwa hasira.

"Yule kijana! Mtu mzima nimesimama na wanangu, ananirukia kichwani bila ya hodi! Hakufunzwa kwao? Waarabu wenyewe wanajua, unabisha mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Yeye anapaza sauti na huku keshaingia!"

"Mama," Nunu akasema.

"Niache niseme! Kupaza sauti si kubisha hodi!"

"Mama, na sisi tuliingia kwake bila ya hodi."

Bi Arwa aliligeuza hilo neno kichwani, akaona halina pa kutokea. Nunu akasimama, macho yamemtoka.

"Hillary! Kupaza sauti si kubisha hodi!"

"Nimesikia, dada. Mama amesema sasa hivi."

"Hukusikia wewe. 'Nazil' ni habari. Mtu anakupa habari kwamba anakuja, upende usipende. Hodi ni kuomba, na mwenye kuomba hungoja ajibiwe!"

Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua, alimwendea Madam Nada. Mimi nilijifanya napanga helmeti karibu nao.

"Madam, ukienda kwa watu mlango uko wazi, utaingia?"

"Siingii mpaka niruhusiwe."

"Tuta ni mlango. Aliye juu haoni ndani, mimi naona. Aniombe mimi. Nikijibu, apite. Nisipojibu hata akiita mara tatu, atoke kwenye mstari, ampishe mwenzake, angoje zamu nyingine. Na anayetaka kukatiza kule chini kwa miguu naye aombe. Mlango ni mmoja."

Madam Nada akafikiri. "Na wakiita neno gani?"

"Lolote, ila nililozoea mimi ni hodi."

Kona ya mdomo wa Madam Nada ilisogea. Kwake hicho ni kicheko.

Ijumaa watu walikuwa wengi. Nunu alisimama juu ya sanduku la plastiki, akaeleza kwa Kiarabu cha Hijazi, cha watu wa Jeddah, na mahali Kiarabu kilipokwama akaeleza kwa mikono. Wa kwanza alikuwa Anas, na ulimi wake wa Kiarabu ukaipinda hodi yenyewe.

"Huuudi!"

Nunu akaangalia chini. Kuna mtoto anafunga buti. Akanyamaza. Anas akaita tena. Kimya. Mtoto akaondoka.

"Huuudi!"

"Karibu!"

Anas akaruka akatua kama unyoya. Foleni nzima ikashangilia, na kuanzia hapo ikawa furaha tupu. Mpakistani akaita hodi, Mmisri akaita hodi, bibi mmoja wa Kisyria mwenye skii za kukodi, zile mbao mbili nyembamba za kutelezea, akaita hodi kwa ajili ya lile sanduku tu na kujibiwa kwa heshima zote. Watoto wa chekechea wakaanza kuitana hodi kila mahali mpaka chooni. Aliyeita bila kungoja jibu alirudishwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ndiyo iliyomzomea. Mubarak alitaka kuanza na tuta. Nunu akamnyooshea kidole kuelekea pale pa watoto.

"Mimi kaka yako!"

"Ndiyo maana nakutuma huko. Ungekuwa si kaka yangu ningekuacha ujivunje."

Akaenda, akaanguka mbele ya watoto, akarudi na adabu.

Robinson alikuwa amewasha mtambo wake pembeni, anangoja, uso umeanza kumshuka.

Ndipo Madam Nada mwenyewe akapanda juu na skii zake. Alijifunza ng'ambo, anateleza vizuri. Akaita hodi, sauti ya meneja. Nunu akaangalia, pako wazi, akajibu karibu. Madam Nada akaja kwa kasi, akapaa, akatua, skii moja ikamtoka, akakaa chini puu, mahali pa kutua kabisa.

Nunu akapishanisha mikono yake juu ya kichwa, alama ya kwamba tuta limefungwa. Foleni ikasimama.

"Hodi!" Sauti hiyo ilitoka chini. Bi Arwa alikuwa pembeni ya wavu, birika ya chai mkononi, anataka kwenda kumsaidia. Nunu akamtazama Madam Nada, akamwona anatikisa miguu, hakuumia. Akaangalia juu, foleni imetulia.

"Karibu, mama!"

Bi Arwa akaenda, akamshika meneja mkono. Na kwa kuwa huyu ndiye bosi wa mwanawe, na walikuwa hawajasalimiana ipasavyo, akaanza papo hapo kwa Kiarabu.

"Hujambo, binti yangu? Umeumia?"

"Sijambo, khala," akamjibu, yaani mama mdogo. "Asante."

"Afya yako? Mama yako hajambo? Na baba? Wako Riyadh hapa hapa? Na watu wa upande wa mama?"

Madam Nada amekaa kwenye theluji anajibu moja moja, maana naye ni mtu wa kwao, hawezi kumkatisha mama mtu mzima. Foleni inarefuka. Watoto wanaanza kulia baridi. Mtu mmoja juu akasukuma ubao wake kidogo mbele, kisha kidogo tena. Robinson akainua kichwa.

Nilimwona Nunu anavyoitazama foleni, kisha mama yake. Kumkatisha mama yake salamu, mbele ya watu, mbele ya bosi! Huko Hindawiyah wangeliongelea jambo hilo mpaka sikukuu mbili zipite.

"Mama!"

Bi Arwa akageuka.

"Salamu mtamalizia pembeni. Hapo mlangoni, mama. Watu wanangoja."

Foleni nzima ikageuza vichwa. Hata mtambo wa Robinson nahisi ulipunguza sauti. Bi Arwa alimtazama binti yake juu mpaka chini. Halafu akamwangalia Madam Nada, akamwambia kwa Kiarabu, wote tukisikia:

"Simama, binti yangu. Mwenye nyumba kasema."

Akamnyanyua meneja kwa kwapa moja, akaokota ile skii, akampeleka nyuma ya wavu, na huko akaendelea pale pale alipoishia, kwa wajomba.

Nunu akashusha mikono. "Foleni! Mnaota jua? Anayefuata!"

Baadaye nikaenda kuzichukua skii za Madam Nada. Alikuwa bado kule nyuma ya wavu, kikombe cha chai mkononi, anamweleza Bi Arwa habari za shangazi yake wa Buraydah mwenye magoti mabovu. Akaniona.

"Hillary, mwambie Robinson azime huo mtambo, unatupigia kelele," akasema. "Na tafuta mtu mwingine wa glavu kuanzia Jumapili."

Nikaenda kwa Robinson nikamfikishia. Akazima injini, akashuka, akaja kaunta akavua kofia yake.

"Nipe helmeti, buda," akasema. "Na ubao. Huyo mama wa glavu ataniruhusu kweli?"

"Anzia pale pa watoto," nikamwambia.

Hakunisikiliza. Alipanda juu kabisa, akaita hodi kwa sauti ya Kakamega nzima. Nunu akamwona ni nani. Pale pa kutua palikuwa peupe, hapana hata nzi. Akakunja mikono kifuani, akatazama juu, akatazama chini, akatazama kucha zake. Robinson akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Kisha akatoka kwenye mstari kimya kimya, akafungua ubao, akaanza kushuka kwa miguu kuelekea kwa watoto wa chekechea, nao wakampisha.